Kidingapopo, Uboho na Daftari la Homa: Historia ya Dengue Ikitazamwa kutoka Songea

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi yanayohusu historia ya afya nchini Tanzania, homa imekuwa jina lingine la malaria. Mazoea haya yana msingi. Malaria imeua watu wengi kuliko homa nyingine yoyote inayoenezwa na mbu, na mkoa wa Ruvuma haukusalimika. Hata hivyo, mazoea hayo yameficha jambo ambalo mwanahistoria hana budi kulikabili: daftari la hospitali linaloandika "malaria" mbele ya jina la mgonjwa mara nyingi huhifadhi dhana ya mganga kuliko ugonjwa wenyewe. Uchunguzi uliofanywa mjini Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008, na kuchapishwa na Crump na wenzake mwaka 2013, uliwahusisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Wagonjwa 528 kati yao walikuwa wamehukumiwa kuwa na malaria, lakini vipimo vilithibitisha malaria kwa wagonjwa 14 tu. Moshi si Songea, na kiwango cha maambukizi ya malaria hutofautiana sana kati ya maeneo hayo mawili. Pamoja na tofauti hiyo, tarakimu hizi zinatosha kumfanya msomaji wa madaftari ya zamani asite kidogo kabla ya kuhesabu.

Makala hii inafuatilia historia ya homa moja iliyojificha nyuma ya jina hilo, yaani dengue, ambayo Kiswahili huiita kidingapopo. Inafanya hivyo kwa kuanzia mahali ambapo wanahistoria hawajazoea kuanzia: ndani ya uboho, ule ute laini uliomo katika mifupa ambamo chembe za damu huumbwa. Inadaiwa hapa kwamba historia ya swali hili la kitabibu, yaani namna kirusi cha dengue kinavyoingia katika seli zinazoumba damu, inampa mtafiti wa Songea nyenzo ya kusomea kumbukumbu ambazo bila hiyo zingebaki bubu.

2.0 Jina Lililovuka Bahari

James Christie, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Zanzibar katika miaka ya 1860 na 1870, alishuhudia mwaka 1870 mlipuko wa homa iliyowaangusha watu kwa ghafla, ikawaumiza viungo na kuwatoa vipele. Wenyeji waliiita kidinga pepo. Wazee walimweleza kwamba homa kama hiyo ilikuwa imepita kisiwani miaka mingi nyuma, takribani mwaka 1823, na kwa jina hilohilo. Katika maandishi yake ya mwaka 1872 na yale ya mwaka 1881, Christie alitoa hoja ambayo imedumu hadi leo: kwamba jina hilo lilivuka bahari pamoja na watumwa, likafika visiwa vya Karibi wakati wa mlipuko wa mwaka 1827 na 1828, na huko likageuzwa na wasemaji wa Kihispania kuwa dengue.

Etimolojia hiyo inavutia, na pengine ndiyo maana imenukuliwa kwa wepesi mno. Sehemu ya pili ya jina, pepo, inaeleweka: ugonjwa unaomkamata mtu ghafla na kumpinda ulinasibishwa na nguvu isiyoonekana. Sehemu ya kwanza ina utata zaidi, na Kiswahili cha leo kimelihifadhi jina katika umbo la kidingapopo, ambamo pepo hayumo tena. Umbo hilo ndilo linalotumiwa katika matangazo ya afya ya Serikali. Kwa hiyo neno limefanya safari ya ajabu: liliondoka Afrika Mashariki likiwa na sura moja, likarudi katika vitabu vya tiba likiwa na sura ya Kihispania, huku lile lililobaki nyumbani likiendelea kubadilika kimyakimya.

Ugumu mkubwa zaidi si wa neno bali wa kile kilichoitwa kwa neno hilo. Mwaka 1971 Carey alichapisha makala iliyouliza kama dengue na chikungunya hazikuwa zimebadilishana majina. Alionyesha kwamba maelezo ya milipuko ya Zanzibar, hususan maumivu ya viungo yaliyoendelea kwa muda mrefu baada ya homa kwisha, yanalingana na chikungunya kuliko ugonjwa ambao tiba ya karne ya 20 iliuita dengue. Ikiwa Carey yuko sahihi, na hoja yake ina uzito, basi Kiswahili kiliupa ulimwengu jina la ugonjwa mmoja, na ulimwengu ukalitumia kwa ugonjwa mwingine.

3.0 Jimbo la Kusini, 1952 hadi 1953

Wakati wa utawala wa Waingereza, Songea ilikuwa wilaya ya Jimbo la Kusini, pamoja na Tunduru, Masasi, Newala, Lindi na nyinginezo. Ni ndani ya jimbo hilo ambamo mkanganyiko wa homa hizi mbili ulianza kufumbuliwa. Kuanzia katikati ya mwaka 1952, watu wa uwanda wa juu wa Makonde walianza kuugua homa iliyoanza ghafla na kuwaacha wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Marion Robinson, daktari wa hospitali ya misheni ya Lulindi, alieleza dalili zake. W. H. R. Lumsden, aliyetoka katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe nchini Uganda, alieleza kuenea kwake. Kazi zao zilichapishwa mwaka 1955, na mwaka uliofuata R. W. Ross akachapisha maelezo ya kirusi chenyewe, kilichotengwa kutoka katika damu ya wagonjwa. Jina chikungunya lilitokana na lugha ya Kimakonde, likieleza mtu aliyejipinda.

Ni muhimu kukumbuka kwamba madaktari hao walipokutana na homa hiyo kwa mara ya kwanza, waliiona kuwa inafanana mno na dengue. Ilichukua maabara, panya wachanga na vipimo vya kingamwili kuonyesha kwamba kirusi hicho kilikuwa cha ukoo mwingine kabisa. Macho ya daktari peke yake hayakutosha.

Lumsden alitoa uzito kwa jambo ambalo mkazi yeyote wa Newala angelielewa bila kufundishwa: maji. Uwanda wa Makonde hauna mito wala chemchemi za karibu, na kaya zililazimika kuhifadhi maji ndani ya nyumba kwa muda mrefu. Mbu wa jamii ya Aedes aegypti, ambaye ndiye pia mwenezaji mkuu wa dengue, hutaga mayai katika vyombo vya aina hiyo. Songea ina hali tofauti. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, una majira ya baridi ya Juni na Julai, na mito yake haikauki kwa urahisi. Mtafiti anayetaka kueleza kwa nini mlipuko wa ukubwa ule haukuandikwa Songea hana haja ya kwenda mbali na hali hizo.

Lakini watu wa Songea hawakukaa Songea. Baada ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, vilivyoiacha nchi ya Wangoni katika njaa na upungufu wa watu, wilaya hiyo iligeuzwa polepole kuwa chimbuko la vibarua. Vijana walikwenda kwa maelfu katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakiitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Walikaa pwani, mahali ambapo kidinga pepo kilikuwa na historia ndefu, kisha wakarudi. Kusini nako mpaka wa mto Ruvuma haukuwa ukuta: wakimbizi wa Msumbiji walipokewa Muhukuru wakati wa vita vya ukombozi wa nchi yao. Ndipo inapopata maana taarifa iliyochapishwa na Gubler na wenzake mwaka 1986, kwamba dengue ya aina ya 3 ilikuwa imezuka katika mji wa Pemba, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 1984 na 1985. Miaka michache kabla, mwaka 1982, dengue ya aina ya 2 ilikuwa imegunduliwa katika pwani ya Kenya. Watafiti wa Dar es Salaam nao waliikuta aina hiyo ya 2 wakati wa mlipuko mkubwa wa mwaka 2014, na mwaka 2019 Tanzania ilithibitisha wagonjwa zaidi ya 6,000. Haya yote hayathibitishi kwamba dengue ilifika Songea katika mwaka fulani. Yanaonyesha tu kwamba wilaya ambayo watu wake walisafiri kwa wingi hivyo haiwezi kudhaniwa kuwa ilikuwa nje ya njia za homa hii.

4.0 Swali la Uboho

Dengue ilipoanza kuchunguzwa kwa darubini mwanzoni mwa karne ya 20, hasa na madaktari wa jeshi la Marekani nchini Ufilipino, jambo moja lilijirudia: chembe nyeupe za damu zilipungua. Baadaye ikaonekana kwamba chembe sahani, zile zinazogandisha damu mahali penye jeraha, nazo hupungua. Kwa muda mrefu mambo haya yalichukuliwa kuwa alama za utambuzi tu. Kirusi chenyewe kilitengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili: Kimura na Hotta walikitenga nchini Japani mwaka 1943, na Sabin akafuata mwaka 1944.

Mtazamo ulibadilika katika miaka ya 1950, pale dengue ilipoanza kuwaua watoto kwa kuvuja damu huko Manila na kisha Bangkok. Sasa upungufu wa chembe sahani ulihitaji kuelezwa. Nelson na Bierman, waliochunguza wagonjwa wa Thailand na kuchapisha matokeo yao mwaka 1964, waliingiza sindano katika mifupa na kuvuta uboho. Walichokiona ni kwamba katika siku za mwanzo za homa uboho ulikuwa umepwaya, seli zake chache, na zile seli kubwa ziitwazo megakariosaiti, ambazo humeguka vipande vidogo na kutoa chembe sahani, zilikuwa zimekwama kabla ya kukomaa. Mgonjwa alipoelekea kupona, uboho ulijaa tena haraka.

Matokeo hayo yalizua ubishi ambao haujafungwa. Ghala la mahindi likikutwa tupu, huulizwa kama shamba halikuzaa au kama mwizi ameingia. Ndivyo ilivyo kwa damu. Chembe sahani huishi kwa siku 7 hadi 10 hivi. Kama tatizo lingekuwa uboho peke yake kuacha kuzitengeneza, idadi yake ingeshuka pole pole, kama ghala linalotumiwa bila kujazwa. Lakini katika dengue kali idadi inaweza kuporomoka ndani ya siku mbili au tatu, jambo linaloonyesha kwamba chembe zilizokwisha kutengenezwa nazo huharibiwa zikiwa katika mishipa, kwa kushambuliwa na kingamwili au kwa kutumika katika ugandaji usio wa lazima. Wasomi walioegemea upande mmoja tu wa ubishi huu, kwa maoni ya makala hii, wamejinyima nusu ya maelezo. Uboho huanza kunyamaza mapema. Uharibifu katika mishipa hufuata. Na mambo hayo mawili yakikutana ndipo idadi inapofika chini kabisa.

Je, kirusi huingia katika uboho wenyewe, au uboho hunyamaza kwa sababu ya kelele za homa tu? Mwaka 1989 Nakao, Lai na Young walionyesha katika maabara kwamba kirusi cha dengue kinaweza kuzaliana ndani ya seli changa za uboho wa binadamu, yaani zile ambazo bado hazijawa chembe kamili za damu. Watafiti wengine waliona kwamba hata seli egemezi, zinazofanya kazi ya kitalu kwa kuzilea seli changa na kuzipa viashiria vya ukuaji, huambukizwa. Uthibitisho uliosubiriwa zaidi ulihusu kiumbe hai. Mwaka 2012 Noisakran na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa nyani wa aina ya rhesus. Katika siku za kwanza baada ya kuambukizwa, kirusi kilionekana katika uboho ndani ya seli zenye alama za ukoo wa megakariosaiti. Siku zilizofuata kilionekana zaidi ndani ya seli zinazomeza uchafu. Kwa maneno mengine, kiwanda cha chembe sahani ni mojawapo ya milango ya mwanzo, kisha wafagiaji wa mwili huja kusafisha, nao wakachafuka.

Namna kirusi kinavyofanya kazi hiyo inaeleweka kwa kiasi kikubwa. Protini iliyo juu ya ganda lake hushika molekuli za uso wa seli, na seli hukimeza kama inavyomeza vitu vingine. Ndani ya kifuko kilichokimeza, asidi huongezeka. Ganda hubadili umbo, huungana na utando wa kifuko, na uzi wa RNA wenye herufi takribani 11,000 huachiwa ndani ya seli. Uzi huo husomwa kama amri ya seli yenyewe, na kutoa mnyororo mmoja mrefu wa protini unaokatwa kuwa protini 10: tatu za kujenga kirusi kipya na saba za kuendesha shughuli na kuuzubaisha ulinzi wa mwili. Seli changa ya uboho iliyotekwa hivyo hugawanyika vibaya, au hujiua.

Katika tathmini yao ya mwaka 1995, La Russa na Innis walitoa wazo ambalo linastahili kusimuliwa kwa sababu linageuza swali juu chini. Walipendekeza kwamba kunyamaza kwa uboho huenda kusiwe hasara tupu: huenda kitalu hufunga mlango kwa makusudi, ili seli mama zisizogawanyika ziepuke madhara wakati ambapo mwili unaziangamiza seli zilizoambukizwa. Wazo hilo linaeleza vizuri kwa nini uboho wa mgonjwa wa dengue hurudi kazini upesi hivyo, tofauti na magonjwa mengine ya uboho ambayo huacha ukame wa kudumu.

5.0 Daftari la Songea

Chikungunya hutofautiana na dengue katika jambo hili. Inaweza kupunguza chembe nyeupe, lakini mporomoko mkubwa wa chembe sahani pamoja na kuvuja kwa maji ya damu ni sifa ya dengue zaidi kuliko yake. Kwa hiyo hesabu ya damu, hata pasipo kipimo cha kirusi, ni shahidi wa kiasi fulani. Hapo ndipo ugumu wa Songea unapoanza. Malaria nayo hupunguza chembe sahani, wakati mwingine kwa kiwango kikubwa. Katika mkoa ambamo vimelea vya malaria vinaweza kukutwa katika damu ya mtu aliyezoea kuishi navyo bila kuugua, mgonjwa anaweza kuwa na vimelea katika kioo cha darubini na kirusi katika uboho kwa wakati mmoja, na kioo hicho ndicho kitakachoandikwa.

Eneo hili halikukosa tiba ya kisasa. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na hospitali iliyokua hapo, kilomita chache magharibi mwa mji wa Songea, imewahudumia watu wa wilaya kadhaa kwa miongo mingi. Kilichokosekana, hapo na katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, ni desturi ya kuhesabu chembe sahani. Mgonjwa wa homa alichukuliwa tone la damu kwa ajili ya malaria, na pengine akapimwa wingi wa damu. Chembe sahani ni ndogo, hushikamana, na kuzihesabu kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Mashine za picha kamili ya damu zilienea baadaye sana. Kuvuta uboho wa mtu anayeweza kutokwa damu ni hatari, na si jambo la kufanywa kwa kila mwenye homa. Hivyo ushahidi ambao Nelson na Bierman waliupata Thailand haukuweza kupatikana katika maabara za namna hii, hata kama ugonjwa ungekuwepo.

Kuenea kwa vipimo vya haraka vya malaria nchini, katika muongo uliofuata mwaka 2009, kulibadilisha daftari kwa namna isiyotarajiwa. Kwa mara ya kwanza muuguzi wa zahanati aliweza kuandika kwamba mgonjwa ana homa na hana malaria. Mtafiti akikutana na safu ya majibu hasi yanayoongezeka katika miezi ya mvua, sambamba na picha za damu zenye chembe sahani chache, ana kitu cha kufuatilia. Akikutana na majibu hasi peke yake, hana zaidi ya orodha ya homa zisizo na jina.

Suala hili halimhusu mwanahistoria tu. Mgonjwa wa dengue anayedhaniwa kuwa na maumivu ya kawaida anaweza kupewa aspirini, ibuprofeni au sindano ya diklofenaki, dawa ambazo huzidhoofisha chembe sahani hizohizo chache zilizobaki, wakati ambapo parasetamoli na maji ya kutosha vingemfaa zaidi. Tena, katika malaria kushuka kwa homa baada ya dawa ni dalili njema, na mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani. Katika dengue, siku ambayo homa inashuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba, ndiyo siku ambayo chembe sahani hukaribia kiwango cha chini kabisa na maji ya damu huanza kuvuja kutoka katika mishipa. Uboho wakati huo tayari unaanza kuamka, lakini chembe mpya hazijafika mtaani.

Kwa sababu hiyo, maneno mawili yanayopatikana kwa wingi katika madaftari ya wodi, "homa imeshuka" na "ameruhusiwa", hayapaswi kusomwa kama kupona. Yanahitaji kuoanishwa na tarehe ya kuanza kwa homa, pale ilipoandikwa, na kutafutwa kama jina hilohilo linarudi katika daftari baada ya siku moja au mbili, likiwa na maelezo ya kutapika, tumbo kuuma, fizi kutoa damu au mwili kupoa. Katika madaftari yaliyopangwa kwa tarehe ya kulazwa badala ya majina, kazi hiyo hufanywa ukurasa kwa ukurasa.